Shamba la Sifuri

Litembo, Mbinga
22 Machi 2025

Kwako mpendwa kaka Usipa,

Shikamoo. Usinune, hilo jina la dagaa wa ziwani umejipa mwenyewe kwa kukonda. Hujambo huko Lituhi? Shemeji hajambo? Na Henry, meno yameota? Sisi huku wazima. Mama kifua kimepona na ameanza kugomba kama zamani, kwa hiyo tumejua amepona kweli. Pole kwa simu yako kuzama ziwani. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama mababu. Barua hii analeta Sixbert wa bodaboda.

Kaka, ile laptop uliyonipa, yenye kioo kilichopasuka, inafanya kazi! Najifunza mwenyewe JavaScript, ile lugha ya kuiamuru kompyuta, napakua masomo kule juu hospitali ambako mtandao unakamata. Nimeshajua mambo ambayo nikikueleza utadhani nimerogwa.

Sasa sikia. Si unajua mwezi huu ni wa ngolo, kabla maharage hayajapandwa? Au mchanga wa ziwani umekusahaulisha yale mashimo yetu ya mteremkoni? Kikundi chetu bado kina kaya kumi na nne, kila siku wote tunakwenda kulima shamba la mmoja, na mwenye shamba anapika. Kila kaya ina namba yake kwenye daftari la katibu, Babu Bartholomayo. Jioni alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kutangaza zamu. Mwaka huu mguu umemvimba, hapandi tena kilima. Nikasema mimi nitamsaidia kwa kompyuta. Babu akanicheka, akasema kidude changu hakina miguu, na mtu huitwa shambani kwa mdomo. Lakini wenzake wakakubali.

Nikaandika majina yote kumi na nne kwenye orodha moja, kwa mpangilio wa daftari. Halafu nikaiambia kompyuta ipite kwenye orodha, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja iniandikie ujumbe: kesho tunakwenda shamba la fulani. Kufumba na kufumbua zikatoka zote kumi na nne, na mwisho kabisa ule wa kufunga: mzunguko umekwisha, asanteni. Niliruka hadi mama akaja kuangalia kama nimeona nyoka.

Ila badala ya majina zilitoka namba. Mimi nikafurahi zaidi, nikaona mashine imekuwa kama daftari la Babu. Kila jioni nikawa natuma ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp.

Ujumbe wa kwanza ulisema kesho tunakwenda shamba la 0. Watu wakauliza ndilo lipi hilo. Mzee Hyasinti, ambaye ni namba moja, akaamua kwamba sifuri ni hakuna shamba, ni mapumziko, basi wote wakalala. Mimi nikanyamaza. Sikutaka ionekane mashine yangu imeanza kwa kukosea. Kesho yake ikaja 1, wakaenda kwa Hyasinti, kesho yake 2, na mambo yakanyooka vizuri tu, Jumapili tukipumzika.

Jumanne hii tukalima shamba la 13. Jumanne hiyo hiyo jioni nikatuma ule wa mzunguko umekwisha, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Jumatano mchana ikaja ndoo ya togwa nyumbani kwetu. Kaitua Bibi Hildegardi, yule mjane wa kule juu ya kisima, kaibeba mwenyewe. Akasema ameona ni mengi, yasije yakaharibika. Kumbe yeye ndiye namba kumi na nne, kaka. Alikuwa amejihesabia zamu yake, akapika ugali na maharage ya watu wote, akakaa shambani tangu asubuhi akitusubiri. Hakuna aliyekwenda. Wala hakulalamika, aliuliza tu kama ndoo ataipata jioni.

Sikula. Nilirudi kwenye kompyuta nikachimba hadi nikaona, na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi tena! Nilikuwa nimetumia amri inayoitwa for in. Ile hupita ikisoma namba za milango tu, na kompyuta mlango wa kwanza inauita sifuri, kwa hiyo wa kumi na nne unaitwa kumi na tatu. Iko nyingine inaitwa for of. Hiyo inabisha hodi na kukutolea mwenye nyumba mwenyewe. Nimebadilisha neno moja, in ikawa of, basi majina yakatiririka: Hyasinti, Cleopa, Aurelia ambaye ni mama yetu, hadi mwisho kabisa, Hildegardi. Neno moja! Ungeona ungepiga kelele.

Nikakimbia kwa Bibi nikamweleza kila kitu, hata kunyamaza kwangu. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema, "Waambie mimi ndiye niliyechelewa kuandaa. Mimi mzee, kusahau wameshanizoea. Wewe wakikucheka sasa, hutakigusa tena hicho kidude."

Kikundi kinakaa kikao Jumanne ijayo jioni, baada ya sala ya jumuiya. Nikisema ukweli, Babu Bartholomayo atachukua zamu zake na kidude changu kitarudi chini ya kitanda. Nikisema maneno ya Bibi, shamba lake litalimwa vilevile, na mimi nitaendelea kama kawaida. Ila yeye ataonekana mama wa kusahau, baada ya kupikia kaya kumi na nne. Mvua nayo haingoji, asipopanda wiki ijayo maharage yake hayatakomaa.

Nisalimie shemeji, mbusu Henry, mpe pole baba mdogo Elias kwa nyavu zake kuchanika. Mungu awatangulie kila mnapoingia majini.

Sixbert analala hapo kwenu na kurudi Jumatatu, mpe jibu hata kwenye kipande cha boksi. Ujumbe nimeshauandika, una jina la Hildegardi, bado kubonyeza tu. Lakini Jumanne watauliza kwa nini alirukwa. Ungekuwa wewe, kaka, ungesimama useme nini?

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,
Jacqueline