Redio Haijamsoma

Kilwa ya ziwani, tarehe 12 mwezi wa sita 2023

Yaya Perpétue,

Nakusalimu, dada yangu, na mama msalimie kabla hujamwambia lingine lolote. Miguu yake bado inavimba? Mimi mwili unasimama. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mpakiaji haujawahi kunyamaza.

Barua nimempa Gradi, dereva wa lori la samaki, kwa sababu tunapolala mtandao haufiki. Simu yangu naitumia kama tochi. Kaa kwanza, halafu usome.

Ndugu yetu Élie amekufa. Ni shimo la madini. Alikuwa ndani na wenzake, udongo wa juu ukashuka. Watu walichimba asubuhi nzima, kisha upande mwingine nao ukaanza kuteremka, wakatoka wote. Hakuna aliyerudi kuchimba. Sasa pale ni udongo tu, hata ukiniuliza yuko wapi siwezi kukuonyesha. Mimi nilikuwa na mfuko begani waliponiambia. Niliufikisha kwenye lori kwanza, ndipo nikauliza tena. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Usimwambie mama kwa mdomo. Msome redioni kwako saa sita katika komunike, matangazo ya vifo, kama wafu wote wanavyosomwa: jina lake, familia aliyoiacha, mahali pa kilio. Hivyo jirani watasikia pamoja naye na hatakuwa peke yake ndani ya nyumba. Mimi siwezi kuja. Hapa ukiondoka, mwingine anashika nafasi yako kabla vumbi la lori halijatua.

Mdogo wako,
Kapya


Hewa Bora, tarehe 3 mwezi wa nane 2023

Mdogo wangu Kapya,

Barua yako ilitukuta wazima. Miguu ya mama inavimba jioni, asubuhi inarudi. Wewe kula. Ukila vibaya na kubeba vizuri, utaisha.

Nilisoma barua yako kwenye dirisha langu la redio, nikaikunja, nikampokea mtu aliyefuata. Machozi bado hayajatoka.

Sikumsoma Élie. Nikueleze. Unajua Papa Damien, yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo, alifungua Redio Mapendano juu ya depo yake ili auze unga na simenti. Lakini watu walisikiliza kwa ajili ya rumba, na saa sita kwa ajili ya wafu wao. Foleni ya komunike ilifika hadi barabarani. Huyu analia, yule anagombana kwamba jina la mjomba litangulie la shemeji. Miaka yote hiyo nilikaa pale. Basi mwezi wa tano Papa Damien aliikodisha redio kwa kanisa. Sasa ni kwaya na shuhuda toka asubuhi. Mimi naandika majina ya waliopona. Nilimwomba mchungaji nafasi moja tu, ya ndugu yangu. Akanijibu kwa upole kwamba hapa hawatangazi kifo, wanatangaza uzima. Akasema afadhali tumtaje Élie katika maombi, pengine Mungu atamtoa shimoni. Nilikataa. Mama angeanza kumngoja.

Kwa hiyo nilimwambia mama kwa mdomo, ingawa ulinikataza. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

“Ni wewe unasomaka bantu bote benye kufa. Mutoto wa mama yako haukumusoma. Basi hakukufa.”

Nilitaka kutoa viti nje, watu waje kukaa kilio. Alivirudisha kimoja kimoja.

Yaya wako,
Perpétue


Kilwa, tarehe 20 mwezi wa kumi 2023

Yaya,

Salamu toka kwenye mifuko. Homa ilinishika, ikaniachia. Nyumbani mnaamkaje?

Barua yako ilikaa muda mrefu kwa Gradi kwa sababu lori liliharibika. Nimeisoma mara nyingi. Najaribu kumkasirikia mchungaji, hasira haiji. Najaribu kulia, hata hilo haliji. Najua tu kwamba vitu vya Élie viko kichwani pangu ninapolala, suruali na koti, vimefungwa pamoja. Wenzangu wananiambia nivae koti kwa sababu ya baridi ya ziwa. Nitavaaje koti la mtu ambaye kwa mama yake bado yuko kazini?

Si redio pekee mjini. Peleka komunike kwa wengine.

Mdogo wako,
Kapya


Hewa Bora, tarehe 16 mwezi wa kwanza 2024

Kapya wetu,

Mwaka umeingia na sisi tumo. Mama anakusalimu. Ameniuliza kama Élie naye anapata barua zangu.

Nilifanya ulivyosema. Nilipeleka komunike redio nyingine, nikaazima redio ya jirani, nikamketisha mama. Walimsoma vizuri, jina lote, hata avenyu yetu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Bale habatujue. Ma Élie iko mingi,” yaani wenye jina hilo ni wengi. Akarudi kwenye redio yake, kwenye Mapendano, mahali binti yake anapofanya kazi.

Na Mapendano yenyewe ilikuwa imegeuka tena. Mwezi wa kumi na moja kanisa liliondolewa, mgombea mmoja akachukua saa zote kwa ajili ya kampeni. Wimbo ulikuwa mmoja, jina lake na namba yake. Mama aliujua wote, akauimba akiosha sahani, ingawa hata kura hakwenda kupiga. Komunike nilimwomba mtu wa mgombea. Aliniuliza kama marehemu alikuwa wa chama chao.

Mgombea huyo alishindwa. Kesho yake hapakuwa na mtu kwenye studio, na redio ikabaki inakoroma tu, shhh, mpaka leo. Mama anaiacha wazi hivyo hivyo. Jirani wakimcheka anasema redio imechoka, inapumzika, itasema.

Mimi naenda kazini, nakaa dirishani, narudi.

Yaya wako,
Perpétue


Kilwa, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Yaya,

Uzima upo, mvua ipo, njia imekatika. Gradi atapita ikikauka, ndipo utapata hii.

Siku maikrofoni ikifunguka usiombe mtu. Msome. Koti nimeanza kulivaa.

Kapya, mdogo wako


Hewa Bora, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Kapya mdogo wangu,

Sijui nikusalimu namna gani leo, kwa hiyo nakuuliza kama ulivyozoea: umeamka? Umekula? Jibu upesi, nitakueleza sababu.

Papa Damien amewapa vijana redio. Sasa ni muziki wa kucheza na kubashiri mpira kuanzia asubuhi. Tunasoma timu gani itapigwa, nani ameumia goti kule Ulaya. Mama anasikiliza vyote. Vijana wa avenyu wamekuwa wanakuja kumuuliza, “Mama Adolphine, leo tuweke wapi?” Anawajibu, na mara nyingine wanapata. Wanamwita koché, kama kocha wa timu.

Komunike hazitakiwi. Bosi mpya alisema kifo kinafukuza wateja. Lakini saa sita kuna binti, Cathy, anafanya salamu. Anataja jina la mtu, anataja wanaomsalimu, anaweka wimbo. Nikafikiri kwamba hapo ndipo mlango. Nikaandika karatasi kwa mpango wa komunike kabisa, bila neno kifo: Élie juu, peke yake. Chini yake mama Adolphine, Perpétue, Kapya aliye mbali, na jamaa yote ya Hewa Bora. Mama angesikia mpangilio ule angejua. Miaka mingi amenisikia nikiusoma. Nilimpa Cathy, nikakimbia nyumbani niwe karibu naye.

Cathy ni mtoto mzuri, hana ubaya. Lakini katika salamu zake aliye mbali ndiye anayesalimiwa, habaki chini na wanaosalimu. Akaona “Kapya aliye mbali”, akafikiri nimekosea, akalipandisha jina lako juu. Nikasikia kwa masikio yangu: “Kwa Élie na Kapya, walio mbali nasi, kutoka kwa mama Adolphine, Perpétue na jamaa yote ya Hewa Bora.”

Mama alisimama. Alizima redio. Tangu nimjue sijamwona akiizima mchana. Akaanza kutoa viti. Akasema, “Bote babili,” kwa sauti ya kawaida, kisha akakaa chini kwenye simenti na akalia, Kapya. Alilia majina mawili. Watu walijaa. Wale vijana wa mpira walikuja na turubai. Nilimwambia, mama, Kapya iko muzima, ni Cathy alikosa. Akanishika mkono kama mtu anayemtuliza mtoto.

Tulikaa kilio. Tumekimaliza. Wamemnyoa nywele, kwa ajili ya Élie na kwa ajili yako.

Mpigie simu. Tafuta mtandao popote ulipo.

Yaya wako,
Perpétue


Kilwa, tarehe 8 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Nimeamka. Nimekula. Hilo ndilo jibu.

Niliposoma barua yako nilicheka kidogo, halafu nikaendelea kupakia. Niliwaeleza wenzangu. Sasa wananiita Marehemu. “Marehemu, leta bega.” “Marehemu, umelala sana.” Mimi nageuka nikiitwa. Nilidhani kusikia kwamba nimeliliwa kungenifanya kitu. Mfuko ni uleule. Nilijiuliza tu alinililia kwa maneno gani, kwa sababu nikiwa hai mama hakuwahi kunisifu.

Jumapili nilipanda mpaka katikati ya Kilwa, penye mtandao. Nilikupigia, ukampa mama simu. Nikasema, “Mama, ni mimi, Kapya.” Nikamsikia anapumua. Nikasema tena. Halafu akakurudishia simu, ukaniambia utaniandikia, ikakatika.

Alisema nini?

Mdogo wako,
Kapya


Hewa Bora, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Kapya,

Sisi wazima. Mama anakula kidogo. Miguu imeshuka.

Nilishindwa kukuambia kwenye simu kwa kuwa alikuwa ananiangalia. Alisema sauti ni yako, hilo hakatai. Lakini akaniuliza: “Papa Mwaba alikufa lini?”

Papa Mwaba alikuwa mtangazaji wetu wa kwanza. Ni mimi niliyesoma komunike yake, miaka mingi imepita. Lakini tangazo la unga wa depo alilorekodi yeye, Papa Damien hakulibadilisha kamwe. Lilipita katikati ya rumba, lilipita katikati ya kwaya, hata mgombea aliliacha, na vijana hawa wanaliweka kabla ya mpira. Mama akasema:

“Papa Mwaba iko anauzisha bunga kila asubuyi, na tulimuzika. Sauti njo nini?”

Yaani sauti inathibitisha nini? Na mimi mwenyewe nimeishi kwa sauti.

Nilimwonyesha barua zako. Akasema mwandiko ni wa mtu yeyote aliyefika darasa la tano. Nilimwomba Cathy aseme hewani kwamba alikosea. Aliogopa bosi, lakini alisema, haraka, katikati ya nyimbo mbili. Mama hakusikia. Redio haijawashwa tena tangu siku ile. Anasema hakuna tena mtu ambaye redio itampa habari zake.

Hana huzuni kubwa, kama unataka kujua. Anafagia, anapika kidogo, ananiita kwa jina. Anasema “batoto bangu benye kufa” kama anavyosema “chumvi imeisha”. Nikimwangalia naona atakaa hivyo mpaka mwisho, na wewe utakaa huko na mifuko yako, nyote wawili mmetulia. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Najua nafasi yako itachukuliwa. Sikuamrishi. Nimekueleza tu.

Yaya wako,
Perpétue


Kilwa, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Yaya Perpétue,

Salamu ni fupi, kwa sababu Gradi amekwisha kuwasha injini ipate moto. Barua hii Gradi atakuletea dirishani, mimi nikingoja kwanza kwenye lori. Nimeiandika kwa vile nimezoea kukueleza kabla ya kufanya.

Nimemwambia kiongozi wa wapakiaji kwamba naondoka. Hakuuliza kwa nini. Kijana wa Pweto alikuwa amekwisha kukaa kwenye gunia langu. Nilingoja nisikie uchungu, kisha nikaona namwonyesha mfuko upi umechanika chini.

Njiani nitalala juu ya samaki. Nitafika nikinuka. Sijui nitamwambia nini mama, na usinipangie maneno. Usimweleze kwamba nakuja, asianze kubishana nawe. Usiite jirani. Nitaingia mchana, nitasalimu, nitakaa chini pale alipo.

Wewe mwambie tu aongeze unga kwenye sufuria ya bukari. Akiuliza ni wa nani, sema kuna mtu ana njaa.

Kapya, mdogo wako