Tyuna ya Kukanyaga

Mjukuu wangu Brayo,

Hamjambo huko Mombasa? Huku Umoja, Nairobi, mtoto wangu ameota jino la pili. Usicheke nikikuita mjukuu, kwa ukoo mimi ni nyanya yako hata kama tumepishana miaka sita tu.

Umeuliza ununue nini kabla ya shoo yako ya kwanza. Gita la besi chukua jepesi, maana utasimama masaa mengi. Tyuna, kile kifaa cha kupima kama kamba ziko kwenye sauti, usichukue ya kubana kwenye gita. Mimi nilikuwa nayo kwenye mkutano wa injili kule Mukuru. Ngoma zilipoanza ikatetemeka nazo, ikanidanganya, nikapiga wimbo mzima vibaya. Mama wa kwaya akaniambia, "Dada, hiyo besi yako bado haijaokoka!" Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Mpiga gita la solo akaniachia tyuna yake ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo huunganishwa na gita kwa waya, inasikia gita lako tu, hata kelele ziwe namna gani.

Baba mtoto alienda kazi mbali, nyumba imenyamaza. Mtoto akilala mchana naichomeka hiyo tyuna, napiga kamba moja bila spika, taa yake inawaka kijani, kamba iko sawa. Basi nimesikika. Akiacha kunyonya nitarudi kupiga.

Siku ya shoo nipigie, uweke simu karibu na spika, usiikate.

Nyanyako,
Mama Imani