Mama Mkwe na Mashine ya Theluji ya Mzee Kudo

Natsuki, acha unachofanya usome.

Mama mkwe wangu, Fumie, kampiga Mzee Kudo wa jirani kwa koleo la theluji. Kwa koleo, Natsuki. Mbavuni.

Si unajua kila asubuhi Kudo anageuza mdomo wa mashine yake ya kurusha theluji, theluji yote ya uani kwake inarundikana langoni kwetu? Leo mama akatoka, akasimama palepale. "Kudo, zima."

Mzee akamtazama, akamwelekezea mdomo wa mashine usoni. Usoni, mama wa watu.

Mama akajipangusa macho, akazunguka, akamtandika. Kisha akamkamata kola, akamburuta, akambwaga mbele ya mashine, akijua itasimama, maana zile ukiachia mkono zinasimama zenyewe.

Haikusimama. Kudo alikuwa ameifunga klachi, ule mkono wenyewe, kwa kamba, eti vidole visimchoke.

Ikala buti, ikaanza mguu. Zile kelele bado ziko masikioni mwangu. Mama akasokomeza koleo kwenye visu mpaka mashine ikakwama.

Ambulensi imefika, haipiti. Imezuiwa na ile theluji ya Kudo langoni kwetu, na njia ya kwake ni hapohapo.

Koleo limevunjika, kwa hiyo mama anaichota kwa beseni la kufulia, huku akifoka, "Usife, Kudo. Sijamalizana na wewe."

Na Kudo, damu zinamvuja pale chini, unajua kamwambia nini?

"Fumie, hiyo theluji mwaga upande wangu."