Moyo wa Mtu wa Shamba

Jumamosi, 7 Februari

Kairo. Nimekuja kununua vyombo vya arusi ya binti yangu Rawda, nikafikia kwa mdogo wangu Rifaat. Mungu wangu, tumbo lile! Mhasibu — kutwa kiti kimembeba. Chakula cha usiku: kuku wa kuchemsha na majani. Majani! Kwetu Girga hayo anapewa punda. Nikamuuliza shemeji Inji kama humu ndani kuna mgonjwa. Kumbe yupo. Rifaat ana presha, anameza vidonge, na kila jioni anazunguka uwanja wa klabu kama ng'ombe wa kinu. Wanaume wa mjini hao!

Jumapili, 8 Februari

Nimemsindikiza Rifaat kliniki. Daktari wake, binti mdogo tu, anafanya utafiti, anawalinganisha ndugu waliobaki shamba na waliohamia mjini. Nani ana mafuta mengi, nani ana pumzi, moyo wa nani uko hatarini. Akaniomba nipimwe nami. Nikakubali — nani anakataa ushindi wa bure?

Akanizungushia tepu tumboni. Rifaat akachungulia. "Kaka, umenipita!" Nikasema ni kanzu ya baridi, kitambaa kizito. Nikavua. Bado. Tepu za siku hizi!

Akauliza kazi yangu. Miwa, tangu nizaliwe. "Unakata mwenyewe, mzee?" Mwenyewe! Vibarua ni wa nini? Mimi nasimamia, kwa pikipiki. Na chai? Kama watu wote, nusu glasi sukari.

Kisha mashine ya kutembea. Unatembea, hufiki. Upuuzi mtupu. Rifaat alitembea huku anapiga soga na nesi. Nilipopanda mimi, mara kifua kikabana, kama mtu kanikalia. Binti akaizima mbio. Mashine mbovu.

Jumatatu, 9 Februari

Daktari kapiga simu. Eti mshipa wa moyo huenda umeziba. Nirudi kesho wapitishe mpira mwembamba ndani ya mshipa, watazame. Nisibebe kitu, nisikimbie. Nikamwambia Alhamisi namwoza binti yangu. "Arusi iahirishwe, mzee." Iahirishwe! Ng'ombe yuko zizini, watu wamealikwa mpaka ng'ambo ya mto. Nikakata simu.

Rifaat akanifuata kibarazani. "Baba naye alianguka shambani, kaka. Alikuwa mdogo kuliko wewe."

Jua lile, nikamwambia. Baba aliuawa na jua.

Akarudi ndani. Vizuri. Bado anamwogopa kaka yake.

Jumanne, 10 Februari

Treni ya kurudi Girga. Rifaat kaja nami, nani kamwita? Kapakata mfuko wa dawa alizonichukulia kwa daktari, kama mama na kichanga. Nimekataa kuzimeza. Abiria wote walikuwa wanatazama.

Jumatano, 11 Februari

Kifua. Vumbi la miwa hilo.

Alhamisi, 12 Februari

Alasiri. Ngoma na zumari zimeanza. Sasa baba wa bibi arusi ndiye afungue mchezo wa fimbo, apambane na baba wa bwana arusi. Nimecheza tangu ujana, hakuna aliyewahi kunigusa. Shaaban, baba wa kijana, keshaingia uwanjani, anajigamba na meno yake mawili. Wanapiga kelele: "Baba Rawda! Umeogopa, au unajipaka wanja?"

Nimeingia chumbani kubadili kilemba. Nimekaa kitandani. Mkono wa kushoto mzito tangu asubuhi.

Rifaat kasimama mlangoni, kajaza mlango wote. Fimbo yangu kaishika yeye. Nimemwambia lete. Haleti.

"Nitacheza mimi, kwa niaba yako."

Yeye! Na tumbo lile! Hajagusa fimbo tangu hajaota ndevu. Watamcheka mpaka Ramadhani iishe. Nimemwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti.

"Wacheke, kaka," anasema. "We kaa. Wacheke."

Wanaita tena. Rawda naye anauliza uani baba yuko wapi.

Nimemwambia Rifaat asubiri kwanza, natafuta viatu. Viatu ninavyo miguuni.