Misindano Iliyobaki

Jumatatu, 5 Julai 1993
Leo mti wa sita, msindano kama ile mitano. Kukata, kunyofoa sindano zote, yaani majani yake, kukausha, kupima kwenye mizani. Vidole vinanata utomvu. Hata ugali unanuka msindano. Bosi anataka kanuni: upime unene wa shina la mti mchanga, ujue una eneo gani la majani bila kuuangusha. Ila ili nisikate baadaye, lazima kwanza nikate. Mama Koleta ananisaidia kunyofoa. Ndiye aliyeiotesha miti hii yote kitaluni, akaipanda huku mlimani. Nampenda huyu mama, hata akinyamaza kutwa.

Alhamisi, 8 Julai
Hesabu zimekataa. Miti miwili, unene uleule, mmoja una majani mara mbili ya mwenzake. Bosi kasema kata yote kumi na tano iliyobaki. Mama Koleta kasimama mbele ya wa saba.
"Huu hukati, mwanangu."
Nikamjibu miti si yake, ni ya serikali. Akaweka panga chini, akashuka kwenda kwake. Sikukata. Aibu tupu.

Ijumaa, 9 Julai
Nimetoka kwangu Mafiga, chini mjini, alfajiri, nikapanda hadi kwake.
"Shikamoo mama. Jana nilikukosea."
"Marahaba. Umekula?"
Ndivyo alivyonisamehe. Akaniambia linalomsumbua. Watu wanapunguzwa kazini, barua yake iko njiani. Anataka akiondoka aache kitu kimesimama. Kisha akanivuta hadi mitini. "Unapima huku kwenye udongo. Matawi ya chini yalishakufa, magugu yaliyafunika. Shina nene, majani hakuna. Pima hapa." Kidole chake kiko chini kidogo ya tawi la kwanza lililo hai.
Miaka mitatu chuoni, sikuliona hilo.

Jumanne, 13 Julai
Mashina sita yalikuwa bado yamelala palepale. Nimeyapima upya alipoonyesha. Nukta zote kwenye grafu zimekaa karibu na mstari mmoja. Nilipiga kelele ofisini. Bosi hakuamini. Anataka jaribio: nibashiri majani ya mti mmoja uliosimama, kisha ukatwe tuone. Mama Koleta kauchagua mwenyewe. Kaukata mwenyewe. Hakuniruhusu nishike panga.

Jumamosi, 17 Julai
Sindano zimekauka, zimepimwa. Tofauti na nilichobashiri ni ndogo mno. Bosi kakuna kichwa: "Basi. Mingine tutaipima ikiwa imesimama." Kumi na minne imepona!
Barua ya Mama Koleta nayo imefika ofisini leo. Mwisho wa mwezi, basi. Sikujua nimpe habari ipi kwanza. Nikaanza na miti. Kalia kwa hiyo ya miti, ya barua kaisikiliza tu. Nimekasirika kuliko yeye.

Jumapili, 18 Julai
Nimemkuta ametoka misa. Tumepukuchua maharage barazani mpaka ukungu ukashuka. Nilipoaga kanisindikiza hadi njia panda, akanifunga vifungo vya koti mpaka shingoni, kama mtoto. Nikasimama nifungwe.