Eda Isiyo Yangu

Gombani,
Chake Chake, Pemba.
14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Eunike,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Gideoni na wote mliomo humo ndani. Goti lako linaendeleaje? Usiache kulikanda kwa maji ya moto. Najua ukipata nafuu siku mbili unaacha, kisha unampigia kila mtu simu kulalamika.

Mimi mwili wangu mzima. Presha imetulia, miguu haivimbi, usingizi napata. Nikiulizwa hali nasema nzuri, na si uongo, maana hakuna panaponiuma. Hapaniumi popote, Eunike, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, lakini twende taratibu.

Utashangaa barua ya mkono zama hizi. Simu nimeizima, nimempa Bi Zuweina aiweke kabatini kwake. Si kwa hasira. Jumbe za pole zilikuwa zikiingia mpaka thelathini kwa siku, na kila anayesema analia kuliko mimi mjane. Barua anakuletea Abeer, binti yake Bi Zuweina, anayekuja Mombasa kutafuta vitambaa vya duka lake. Mpe chai nzuri, na usimhoji sana.

Bi Zuweina mwenyewe unamjua kwa picha. Ni yule mwanamke mrefu aliyekaa katikati yetu siku ya Idi, mimi na Stefano tumembana huku na huku kama maharusi. Nyumba tunayokaa ni ya mwanawe, Nasor. Babu yao alikuwa na mashamba ya karafuu huko Ole, ukitembea unachoka hujayamaliza; siku hizi Nasor ni mwalimu wa sekondari na mama yake anauza ubani. Ukuta wetu na wao ni mmoja, akikohoa namsikia.

Ulipouliza kwenye simu ilikuwaje, nilikwambia alilala tu. Haikuwa hivyo, nisamehe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunajiandaa kwenda kisiwa cha Makoongwe. Stefano alikaa kwenye kigoda anafunga kamba za viatu. Nikamwambia afanye hima, boti haitungoji. Kimya. Nikamwambia tena, sasa kwa ukali wa kialimu unaoujua. Kumbe nasema na maiti. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na neno langu la mwisho kwake lilikuwa habari ya boti.

Wale wenzetu kanisani wanadhani maisha ya wamisionari ni kusimama juu ya jiwe na kuhubiri. Nataka uwaambie yalivyokuwa. Adhana ya alfajiri ikilia Stefano anaamka, anasema jirani kashaamka kuomba, mimi nilale kwa sifa gani? Anachemsha chai ya tangawizi. Tunasoma sura moja, tunasali, tunabishana kidogo kuhusu sukari. Kisha anafungua sanduku lake la miwani.

Fundi miwani aliyestaafu na mwalimu wa ushonaji aliyestaafu, hawa ndio walioletwa Pemba na misheni miaka kumi na moja iliyopita. Jumanne alikwenda Ole kwa baiskeli, na watu wakimwona pale barabarani penye mikeka ya karafuu wanamwita, Mzee Mabruki, njoo uangalie hili jicho. Mara moja kwa mwezi tulivuka Makoongwe. Mimi nilishika ubao wa herufi, yeye anapima. Waliotaka miwani walikuwa wazee, na karibu wote walitaka jambo moja, wasome tena msahafu. Stefano akiwapa.

Ofisi ya misheni ilitupa fomu ya kujaza kila baada ya miezi mitatu. Penye waliopokea neno, Stefano aliandika hakuna. Chini yake akaongeza kwa kalamu: wanaoona vizuri, arobaini na mmoja. Ofisi ilimwandikia kwamba fomu haina nafasi ya maoni. Safari iliyofuata akaandika tena, kwa herufi kubwa zaidi, na mimi nikamwambia aache utundu, mtu mzima.

Basi, tulipotoka kumzika, ndipo likaanza jambo hili ninalotaka kukueleza. Waliomwosha ni polisi wawili wa bara, waumini wenzetu. Waliochimba na kubeba ni Nasor na wanaume wa mtaa. Niliporudi nyumbani nilikuta chumba cha ndani kimefagiliwa, mkeka umetandikwa, na Bi Zuweina ananingoja na nguo nyeupe mkononi. Akanivua hereni, akanivua bangili, akanifunika. Kanambia, "Kaa kitako hapa." Nikakaa. Nilidhani ni namna yao ya kumpokea mfiwa, asubuhi itakwisha.

Asubuhi haikwisha kitu. Chakula kinaletwa, maji ya kuoga yanaletwa. Mwanawema, yule mwanamke wa Ole niliyekuwa nikimfundisha cherehani, kahamia hapa na godoro lake. Jumapili ya pili nikavaa, nikachukua Biblia, nikashika kitasa cha mlango. Mwanawema kasimama mbele yangu na ufagio.

"Wendapi, bibi?"

"Kanisani."

"Kizuka hatoki."

Nawe umekulia Mombasa, unajua. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, haendi matembezini, hakai na wanaume wa nje. Ndiye kizuka, na mimi wameshaniingiza eda bila kuniuliza. Ungekuwa wewe ungepiga kelele mpaka ng'ambo. Mimi nilirudi chumbani, nikavua viatu. Niliona sawa tu, kama mtu aliyeambiwa nje kunanyesha.

Na hapa nikwambie nisilomwambia mtu. Sijalia, Eunike. Si siku ile, si makaburini, si leo siku ya thelathini na mbili. Mwanawema alipika mchuzi bila chumvi siku tatu mfululizo, nami nikala nikamaliza. Kumbe alifanya makusudi kunijaribu, kisha akaenda kumhadithia Bi Zuweina, wakanitazama kwa huruma. Nikifungua Biblia naona herufi. Nikifumba macho kusali, hakuna lijalo. Utasema ni shetani. Nimefikiria, na nadhani shetani angekuwa na la kusema.

Wiki iliyopita mchungaji wetu alikuja. Ni kijana mwema, wa bara, ana haraka. Mwanawema akamwekea kiti nje ya pazia, hata nilipomwambia huyu ni mchungaji wangu, akasema mwanamume ni mwanamume. Basi tukazungumza na pazia katikati, naona ncha za viatu vyake tu. Alisema watu wameanza kusema mke wa Mzee Mabruki kasilimu. Alisema miaka yote ile ya Mzee, katika mji usiotupa hata muumini mmoja, sasa itahesabiwa kwamba tumepoteza mmoja. Hakusema kwa ubaya. Aliniomba nitoke Jumapili hii inayokuja, nisimame mbele ya watu, nionekane, kisha nipande boti tarehe thelathini kama ofisi ilivyopanga.

Na kabla sijaizima simu nilikuwa nimeiona ile programu ya kanisani uliyonitumia. Jumapili ya kwanza ya Septemba, ibada ya shukrani, na chini ya wimbo wa tatu: Ushuhuda, Mama Mabruki. Umechagua picha nzuri ya Stefano. Najua umehangaika, najua umeshatandika kitanda changu kile chumba cha nyuma na umemwambia kila mtu dada anarudi. Nilitazama jina langu kwenye programu muda mrefu nikijaribu kumfikiria huyo mama atakayesema. Sikumjua.

Nilimwendea Bi Zuweina kwa ukweli, maana haikuwa haki kumlia chakula chake kwa uongo. Nilimwambia, Bi Zuweina, dini yetu haina eda. Mmenikalisha kwa makosa, na mimi nimenyamaza, na kosa sasa ni langu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mie najua," alisema. "Shehe nilimuuliza siku ya pili. Kasema haikulazimu."

"Sasa mbona hukunambia?"

"Nilikuona hujala siku mbili, na watu wanakuja kukuuliza utasafiri lini, vitu utampa nani. Pole nilikwisha kusema. Ningefanya nini tena mie? Hapa kizuka haulizwi kitu." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Ukitaka kutoka, mlango si wangu. Lakini wataka?"

Nilichukua ungo mwingine nikachambua naye mpaka adhuhuri.

Ofisi nayo ilimpigia Nasor kumwarifu kwamba nyumba atarudishiwa mwisho wa mwezi. Nasor kawajibu kwa adabu zake za darasani, kwamba kwao aliye katika eda hatolewi nyumba aliyofiwa, kwa hiyo wasijisumbue na funguo. Alinihadithia akiwa nyuma ya pazia. Walimuuliza, lakini mjane mwenyewe si Mkristo? Akasema hilo hakuliona kwenye mlango.

Nimekaa na jambo hili siku nne, nikiligeuza. Nilijiona nimesimama hapo mbele yenu kwa kitenge kipya. Ningesema Mungu ni mwema, na ni mwema, sibishi. Mngeimba, mngelia, mngenikumbatia mmoja mmoja, na mimi ningewatazama kama ninavyoutazama ukuta huu. Kisha mngekwenda nyumbani mkisema mama yule ana imani. Stefano alikataa kuandika uongo kwenye fomu miaka kumi na moja. Mimi niuseme kwenye ibada yake?

Basi sitakuja tarehe thelathini. Nitakaa siku zangu mpaka ziishe, katikati ya Novemba. Baadaye sijui. Labda nitakuja kwako, labda nitaomba kubaki. Usinisukume, tafadhali, najua mkono wako ulivyo mzito. Mchungaji nimemwandikia kijibarua kabla yako. Jumapili nasoma ibada nzima peke yangu humu chumbani, kwa sauti, hata kama haifiki popote. Mwanawema hukaa mlangoni na cherehani yake ya mkono, na nikimaliza husema amina, kwa heshima tu, kisha huniuliza kama nataka chai.

Usidhani humu ni huzuni tupu. Jana Mwanawema alinicheka, kizuka gani huyu anasahihisha mishono ya watu kwa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Nilijua kwamba ni jambo la kuchekesha. Sikucheka, ila nilijua, na wiki iliyopita hata hilo nisingelijua.

Nakuomba sasa jambo moja, na ni gumu, kwa hiyo nakuomba wewe. Futa jina langu kwenye ile programu, lakini ibada isivunjwe. Mwimbieni Stefano, alipenda sauti za kina baba. Watu watakuuliza niko wapi. Usiseme naumwa, usiseme nimekosa tiketi. Waambie Damari yuko Pemba, kakaa eda ya mumewe. Mmoja wao atauliza, nami namjua atakayeuliza, kama nimesilimu.

Mwambie la. Mwambie nimefiwa.

Nisalimie shemeji Gideoni, mwambie barua yake nimeipokea na nimeisoma. Msalimie shangazi Perisi. Akisema sauti yangu haisikiki siku hizi, mwambie ni simu. Mbusu Tabitha, mjukuu wetu, na umpe zile pipi za karafuu alizobeba Abeer, zisiishie kwako. Bi Zuweina na Mwanawema wanakusalimu sana, ingawa hawajakuona wanakujua kwa ubishi wako.

Mungu akulinde katika kuingia kwako na kutoka kwako. Unaponiombea, omba kwa niaba yangu pia, maana zamu yangu nimeshindwa kuishika kwa sasa.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata asipohisi,
Damari