Mume Wangu Anataka Ziwani, Mimi Nataka Penye Watu

Mpendwa Bi Thora,

Nisaidie tafadhali, na kama unaweza nisaidie upesi, maana safari yenyewe ni Ijumaa ya wiki ijayo na mimi raha imenitoka kabisa, nikiosha vyombo naona ziwa, nikianika nguo naona ziwa, na hilo ziwa lenyewe hata sijalifikia.

Mimi ni mama mtu mzima, nimeolewa na fundi seremala miaka thelathini na kitu. Mji wetu siutaji kwa sababu kisiwa hiki cha Tasmania ukipiga chafya Burnie watu wa Hobart wanakuuliza umeugua lini, na majina yote nimeyabadilisha, mume wangu tumwite Royce na mimi niite Glenys. Kila mwaka mwishoni mwa vuli, majani yakishapukutika na kabla kipupwe hakijatufungia ndani, sisi hufunga nyumba tukaenda kupumzika mahali siku chache, na miaka yote mimi ndiye ninayechagua pa kwenda, kazi ya Royce ni kubeba mizigo na kulalamikia bei ya chai, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Mwaka huu kachagua yeye. Anataka twende kule juu kwenye maziwa, kwenye kibanda cha rafiki yake Merv, wakati ambao wavuvi wameshaondoka, hakuna duka, hakuna jirani, simu haishiki, kuna jiko la kuni na walabi, wale kangaruu wadogo, wanaochungulia dirishani, basi. Nilimwambia, "Royce, kule Mei hii ni baridi ya kukata masikio." Akanijibu, "Ndiyo maana Mungu akaumba kuni."

Sasa Bi Thora usinicheke, mimi siogopi baridi, nimezaliwa humu humu. Ninachoogopa ni kwamba mume wangu amebadilika tangu kiangazi na naona ananipeleka ziwani ili aniambie jambo. Royce ambaye maisha yake yote sijamwona akinunua hata soksi, siku moja kaingia na masweta matatu mapya, ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, na tangu siku hiyo mashati yake yote mazuri yananing'inia kabatini kama ya marehemu. Jumanne anakwenda Launceston, anasema anafuata mbao, anarudi pikapu tupu. Tukitoka pamoja ananirushia funguo, "Endesha wewe, Glen, leo nataka kutazama ng'ombe," yeye ambaye zamani nikishika usukani alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Chai anataka nusu kikombe tu, anaimeza haraka anaondoka mezani, kana kwamba kukaa na mimi kunamchosha. Kitandani ananipa mgongo na mkono kauficha chini ya mto. Zamani tukitembea ufukweni alikuwa ananishika mkono bila hata kujua kwamba ameushika, sasa mikono iko mfukoni. Kuna mwanamke, nikajiambia, hakuna lingine, na yuko Launceston.

Halafu Jumamosi moja nilikuwa nawapelekea skonzi yeye na Merv kwenye banda lake la kazi, nikamsikia Royce anasema, "Nitamwambia hukohuko ziwani. Kule hana pa kukimbilia. Hapa nyumbani nikifungua mdomo tu anawasha redio."

Merv akasema, "Na akilia je?"

"Atalia, Merv. Bora alie kule."

Mwanamke mwenye akili angeingia akauliza kuna nini. Mimi nilirudi kinyumenyume na sahani yangu, skonzi zote nikawamwagia kuku, nikaingia ndani na, Mungu anisamehe, nikawasha redio.

Toka hapo nimekuwa kama wakala wa safari aliyepagawa. Nikamwambia twende Melbourne, tupande meli pale Devonport, tulale kwa binti yetu Tamsin, twende mpirani, tutembee madukani. Akasema, "Watu, Glen. Watu watupu." Nikamwambia twende Gold Coast kwa dada yangu Lorelle, kule saa hizi bado wanaogelea baharini. Akasema jua la kule ni la watu wasio na kazi. Nikamwambia basi Hobart, soko la Jumamosi, tule chaza, tusikilize wapiga muziki. Akaniangalia, akasema, "Kila unapopataja pana kelele. Umeona hilo?"

Nikaona, ila sikukoma. Jumapili nikampigia Lorelle nikamwambia aje tufuatane naye ziwani, na Lorelle ni mtu wa kuongea, hata wewe ungemlipa anyamaze, akafurahi akakata tiketi ya ndege siku hiyohiyo, anatua Alhamisi. Na bila kumwambia mtu nikaweka nafasi ya chumba kwenye meli ya Melbourne usiku huohuo wa Ijumaa, nikifikiri lolote litakalotokea nitakuwa na mlango wa kutokea.

Nilipomwambia Royce kwamba Lorelle anakuja, hakufoka, na laiti angefoka. Alitoka nje akakaa ndani ya pikapu bila kuiwasha, akaitazama bustani. Aliporudi akasimama mlangoni mwa jikoni akasema, "Nilikuomba siku tatu. Mimi na wewe. Siku tatu tu, Glen." Nikageukia sinki. Akasema, "Unaniogopa?"

Nikasema, "Nikuogope kwa lipi, acha zako," nikafungua bomba la maji hadi mwisho, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Bi Thora, naishi kwa kubana pumzi. Sitaki kuachwa kwenye kibanda cha wavuvi, nikiwa na soksi za sufu na pua inayotiririka. Wewe umezunguka kisiwa hiki na bara lote, nakusoma kila Jumatano. Niambie tu ni wapi pazuri pa kwenda mwishoni mwa vuli, pa kufurahisha, penye watu, ambapo hata mwanamume huyu mgumu hawezi kupakataa. Nitafutie mahali, nakuomba.

Ni mimi Glenys, mwenye wasiwasi, pwani ya kaskazini.


BI THORA ANAJIBU

Glenys, barua yako nimeivusha foleni, na watu watatu waliotangulia, mmoja wao akiwa na mgogoro wa ua na jirani, watanisamehe.

Pole. Najua namna hofu inavyokula mtu jikoni kwake mwenyewe. Nimekupa pole yako, sasa kaa nikuseme.

Umeniuliza pa kwenda. Ungekuwa unatafuta pa kwenda ningekujibu kwa mistari miwili. Wewe unatafuta pa kujificha, na unataka mimi nikulipie kiingilio. Meli, mpira, soko, dada! Ulichofanya ni kujenga ukuta wa watu kati yako na mdomo wa mumeo, halafu unashangaa mbona hasemi. Atasema saa ngapi, bibi wee? Redio imewashwa, bomba limefunguliwa, na Lorelle yuko angani.

Tuje kwa huyo mwanamke wa Launceston. Mume wangu wa kwanza alikuwa naye, si Launceston, lakini alikuwa naye, na nakuambia alianza kupiga pasi kola zake mwenyewe. Mwanamume mwenye mpenzi hununua mashati, hayaachi kabatini. Haachi usukani, anauganda, maana pikapu ndiyo siri yake. Hebu ichukue nakala ya barua yako uisome polepole, kama vile imeandikwa na mwanamke mwingine kuhusu mume mwingine. Vifungo. Usukani. Kikombe kisichojaa. Mkono mfukoni, mkono chini ya mto. Mimi si daktari wala si mpiga ramli, na naweza kuwa nimekosea vibaya. Lakini kwa mtu uliyemweleza hapa sioni kuchoka nawe, naona mtu anayeficha kitu kilicho mwilini mwake, tena anakificha kwa shida, kila siku, mbele ya mtu ambaye hataki kutazama.

Na kama nimekosea, kama kweli ni habari ya kuachana, basi habari hiyo imeshazaliwa, Glenys. Haikungoji ziwani. Unakula nayo kila siku. Melbourne utakwenda nayo, italala kitanda cha juu kwenye chumba chenu cha meli.

Nakuambia la kufanya. Leo hii, kabla hujaosha sufuria nyingine iliyo safi, mpigie Lorelle umwambie asije. Atanuna, na kununa hakujaua mtu. Futa nafasi ya meli. Kisha mwendee mumeo, usingoje Ijumaa, umwambie maneno haya na usiyapambe: "Nilikusikia ukizungumza na Merv. Niambie." Ukimaliza kusema, kaa. Usishike kitambaa, usishike birika. Akichelewa kuanza, mwache achelewe.

Kisha nendeni ziwani. Endesha wewe. Pitia njia ya milimani mchana, maana ule mti wetu mdogo wa fagus bado una majani ya dhahabu kama upepo haujayachukua, na hayangojei mtu. Chukua supu ya kutosha, kuni kavu za kuwashia, na blanketi moja kubwa badala ya mawili madogo. Umeniomba mahali pazuri mwishoni mwa vuli. Mumeo alikuchagulia pazuri, na ni mara yake ya kwanza. Usimharibie.

Bi Thora


BARUA ILIYOFUATA

Bi Thora,

Ushauri wako sikupata nafasi ya kuufuata, maana gazeti lilinitangulia nyumbani. Miaka yote najua Royce anasoma kurasa za mpira tu. Jumatano hiyo natoka kununua nyama, naingia jikoni, namkuta ameketi, ukurasa wako umefunguliwa mbele yake na miwani iko puani.

Akasema, "Seremala. Pikapu. Merv." Akageuza kidogo gazeti upande wangu. "Jina la Merv hukulibadilisha, Glen."

Nikasema nilisahau. Nilikuwa nimesimama na nyama yangu mkononi kama mgeni.

"Na mimi ndiye huyu Royce?"

"Ndiyo."

"Royce! Jina gani hilo? Kama la farasi." Akavua miwani. Kisha akasema, "Ulidhani nina mwanamke."

Nikaiweka nyama mezani. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaulaza juu ya gazeti, akauacha hapo, na gazeti likaanza kupiga kelele, karatasi inagongagonga meza, na yeye haufanyi lolote, anautazama tu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Zile Jumanne ilikuwa hospitali. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka, wenye jina la daktari, ambao hauponi ila unakwenda taratibu, kwa wengine taratibu sana. Amejua tangu Februari. Kazi mbili za kabati za jikoni alizikataa kwa sababu hawezi tena kushika patasi sawasawa, na mimi akaniambia wateja wameghairi.

Niliuliza kwa nini Merv ajue kabla yangu. Akasema, "Merv hakunipikia chakula miaka yote hii. Merv akinionea huruma, naondoka narudi nyumbani. Wewe ukinionea huruma nitakwenda wapi?"

Basi nililia, tena kwa sauti, na jirani alisikia, kesho yake akaleta keki. Lorelle nilimpigia, akanuna kama ulivyosema, nilipomweleza akalia yeye pia, halafu akaongea mpaka simu ikaisha chaji.

Ijumaa tukaenda. Niliendesha mimi. Fagus zilikuwa zimebaki chache upande usio na upepo, tukasimama tukaziangalia tukiwa ndani ya gari kwa sababu mvua ilikuwa ya mlalo. Kibanda cha Merv kinanuka samaki na mafuta ya taa. Sitakudanganya kwamba nilipata amani, kila alipoinuka nilimtazama miguu, mpaka akaniambia, "Ukiendelea kunilinda hivyo nitakutupa ziwani." Siku ya pili theluji ikaanguka mapema, tukakosa njia ya kutoka mpaka mchana wa siku iliyofuata. Tulicheza karata. Aliniambia mambo yaliyomtisha, mengine sikuwahi kudhani mwanamume anayafikiri, na mimi nikamwambia yangu. Kuni zilikuwa mbichi.

Asubuhi ya kuondoka, nikifagia majivu, akasema kuna mahali anataka kwenda. Akataja ule mji wa jangwani huko Australia Kusini ambako watu wamechimba nyumba chini ya ardhi kukimbia joto. Sijawahi kumsikia akiutaja hata mara moja. Nikamwuliza kuna nini huko. Akasema hajui, ndiyo sababu anataka kwenda.

Nikasema vizuri, vuli ijayo basi, Mei, nitaanza kuulizia bei.

Royce, maana sasa namwita hivyo nikitaka kumchokoza, alikuwa anavaa koti, mkono mmoja umeingia na wa pili unatafuta njia. Nilibaki na ufagio wangu, nikamwacha atafute. Ukaingia.

"Mei ni mbali, Glen," akasema. "Twende Agosti."

Glenys